Hatua Sita za Mzee Lameki

Kwa uliyekosa gazeti la wiki jana, usihangaike kulitafuta. Yaliyokuwemo ni haya: nilifukuzwa kazi Mwanza kwa kosa la paka wa meneja, nikapanda meli kurudi kwetu baada ya miaka kumi na minne, nikasinzia, na nilipoamka gati la Bukoba lilikuwa mbele yangu na kiatu changu cha kushoto hakipo.

Cha kulia kilikuwepo. Msomaji mmoja wa Kagondo ameniandikia kuuliza ni mwizi gani anayeiba kiatu kimoja. Ndugu yangu, swali hilo ninajiuliza tangu mwaka ule wa sabini na tano na bado sijapata jibu. Labda alikuwa na mguu mmoja. Labda ndiyo kwanza alikuwa anajifunza wizi.

Basi, leo naungama kosa ambalo si la paka wala la mwizi wa kiatu. Hili ni langu mwenyewe, mimi Privatus Rugemalira, na hata ninyi nimewaficha wiki zote hizi.

Nilipanda kutoka gatini hadi Miembeni nikichechemea. Duka lililoniuzia suruali ya safari mwaka wa sitini na moja lilikuwa limekuwa duka la ushirika, na rafu zake zilikuwa na majembe, sabuni na picha ya majembe. Fundi wa makatambuga ya matairi barazani alikitazama kiatu changu, akakipenda kwa ngozi yake, akanipa makatambuga mawili kwa kiatu kimoja. Hiyo ndiyo biashara pekee niliyowahi kufaulu maishani.

Basi la Muleba likanishusha njia panda saa nane mchana, nikaingia Ijumbi kwa miguu. Dakika kumi hazikupita, nikapotea.

Nimepotea kwetu! Njia ya nyumbani niliijua kwa alama tatu: msonge wa nyasi wa mkungu aliyekuwa mkuu wa kijiji zamani, klabu ya pombe ya rubisi, na shimo ambalo baiskeli ya katekista ilikuwa ikitumbukia kila Jumamosi. Msonge haukuwepo tena, mahali pake pana ofisi ya kijiji yenye bati na bendera. Shimo limefukiwa. Klabu ilikuwepo, lakini ndani hapakuwa na mlevi hata wa dawa. Walikuwemo bibi kumi na wanane kwenye mabenchi, wanaimba kwa sauti moja:

"Ka, ke, ki, ko, ku!"

Nikachungulia. Bibi wa benchi la mbele akainua macho. Alikuwa Kokuberwa, mama yangu mzazi.

"Mama!" nikapaza sauti na kufungua mikono.

"Kaa chini," alisema mama. "Hatujamaliza."

Mara mbili mama alivuka ziwa kuja kuniona Mwanza, na mara zote mbili alilia akiniona. Sasa mimi ndiye niliyekuja, na alinitazama mara moja tu, akarudi kwenye ka, ke, ki.

"Mgeni akae nyuma," ilisema sauti ya mwalimu. "Na hayo makatambuga ayavue. Tumetoka kufagia."

Sauti ile niliijua kabla sijauona uso. Alikuwa Jovitha, binti wa Mzee Lameki, jirani yetu. Mwaka wa sitini na moja niliomba kumwoa. Mzee Lameki ni Mlutheri wa kweli kweli. Alinikaribisha, akanilisha, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema binti yake haendi kupigishwa goti kwa Waroma, yaani kwetu Wakatoliki. Akanisindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote. Ningemsamehe kama angenifukuza kwa fimbo. Ile heshima ndiyo iliyoniuma.

"Ndugu Privatus amekaa mjini miaka mingi," alisema Jovitha, na nikaona anabana kicheko. "Hebu awasomee mama zake sentensi ya leo."

Nikatazama ubaoni. Paliandikwa kwa herufi kubwa: KUNG'OA KAHAWA NI KOSA.

"Kung'..." nilisema, nikaishia hapo.

"Kung'oa!" bibi kumi na wanane wakanisaidia.

"Kung'oa..."

"Ni kosa!" wakamalizia, wakapiga makofi, wakanihurumia. Msomi wa Mwanza, mstari mmoja umemshinda.

Ndugu msomaji, hawakujua kilichonikaba. Wewe nitakwambia.

Shamba letu na la Mzee Lameki yamepakana. Kwetu kila mtu na kibanja chake cha migomba na kahawa, na mpaka tunaupanda kwa milamula, mti mwembamba wenye majani marefu ambao ukichomeka kitawi ardhini, unaota. Mwaka ule moto ulikuwa umeunguza milamula ya zamani. Wazee wanne wakaja kupanda mipya. Baba alikuwa kitandani anaugua mguu, akanituma mimi nimwakilishe. Nilibeba jembe na vitawi saba. Wazee wakaonyesha, Mzee Lameki akakubali, mimi nikapanda. Kisha tukanywa rubisi ya Mzee Lameki mpaka ikaisha.

Wiki moja baadaye ndiyo nilipokwenda kuposa, nikakataliwa kwa heshima.

Jumapili iliyofuata nikahudhuria misa ya kwanza, nikapokea na komunyo. Misa ilipokwisha nikakumbuka kwamba ibada ya Walutheri ndiyo kwanza inaanza, na mhubiri wao alikuwa hajawahi kumaliza kabla ya saa sita. Nyumba nzima ya Mzee Lameki ilikuwa kanisani. Nikachukua jembe. Nikaing'oa milamula yote saba, nikahesabu hatua sita kuingia kwa Mzee Lameki, nikaipanda upya. Sikuwa na haja na ardhi. Nilitaka tu naye akose kitu.

Mchana mvua ikanyesha. Jumatatu alfajiri senene, wale panzi tunaowala, wakaanguka, kijiji kizima kikamwagika mashambani kuwaokota, watu wakakanyaga kila mahali. Mashimo yangu yakafukiwa na miguu ya watu wasio na hatia.

Jumanne Mzee Lameki akapiga kelele. Wazee wanne wakarudi. Walikuwa watu wazima sana, na siku ya kupanda walikuwa wamekunywa. Wakaitazama milamula, wakatazamana, mmoja akatoa hukumu:

"Lameki, mlamula hauna miguu."

Watu wakacheka hadi wakashika matumbo. Baba yangu aliletwa akiwa ameegemea fimbo, akaniuliza mbele ya wote, "Mwanangu, ni hapa?"

"Ni hapa," nikasema.

Ijumaa nikapanda meli kwenda Mwanza. Wiki mbili baadaye nchi ikapata Uhuru wake, na mimi nikapoteza wangu.

Kwaresima ya mwaka uliofuata nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza mpaka kwenye senene, akakataa kuniondolea dhambi mpaka nimwandikie baba aurudishe mpaka. Nikaandika, kurasa mbili, mwandiko wa kuunganisha. Jibu halikuja. Lililokuja ni habari kwamba baba amefariki, na ukoo umemzika kwenye kibanja chake, upande wa mpakani.

Upande gani wa mpakani? Ndani ya zile hatua sita.

Hiyo ndiyo sababu sikurudi miaka yote hiyo. Wengine walisema ninaringa. Niliogopa milamula saba.

Sasa turudi klabuni. Masomo yalipokwisha mama aliniangukia shingoni, akalia kama inavyotakiwa, nami nikajisikia mtu. Tukaanza kutembea kwenda nyumbani. Jovitha akafuatana nasi na ubao wake mdogo kichwani.

"Mama yako ndiye wa kwanza darasani," aliniambia. "Wenzake bado wanahangaika na herufi za kuchapa, yeye mwezi uliopita ameniomba nimfundishe za mkono. Zile za kuunganisha."

Mguu wangu wa kushoto ukatoka kwenye katambuga.

"Za kuunganisha za nini?" niliuliza.

"Mtu anajifunza tu," alisema mama. "Elimu haina mwisho."

Watoto wakatupita mbio. Walipomwona Jovitha wakaanza kuimba, "Hatua sita! Hatua sita!" Akainama kama anayeokota jiwe, wakatawanyika wakicheka. Lakini yeye hakucheka.

Alipoingia njia ya kwao nikamuuliza mama maana ya wimbo ule.

"Ndilo jina la baba yake," alisema mama. "Miaka kumi na minne hasemi kingine. Harusini, hatua sita. Msibani, hatua sita. Siku ya kumzika baba yako alisimama kando ya shimo akasema, 'Namlilia rafiki yangu, lakini hapa ni kwangu, ni hatua sita.' Nusura wamtumbukize humo humo."

"Na Jovitha? Hakuolewa?"

"Wamekuja waposaji watatu. Wakisikia baba mkwe ni Hatua Sita, wanageuka. Nani anataka wajukuu wenye wazimu?"

Ndugu msomaji, nimewahi kupigwa na polisi, na kuumwa na paka wa meneja, mliyasoma yote. Hakuna lililoniuma kama jibu hilo. Nililipiza kisasi kwa baba yake, adhabu ikatumikiwa na binti, na binti ndiye niliyekuwa nampenda.

Tulipofika nyumbani nikaiona milamula. Mawe! Ndivyo tunavyoshangaa kwetu. Ilikuwa imenipita urefu, imenenepa, ina ndege. Hakuna nilichokipanda maishani kikastawi hivyo. Hatua chache upande wetu palikuwa na kaburi la baba, msalaba wa saruji, maua ya mama yamepaliliwa vizuri.

"Mama," nilisema kama mtu anayepitisha muda tu, "ile barua yangu ya Pasaka, mwaka wa sitini na mbili, baba aliipata?"

"Ilifika wiki ya pili baada ya kumzika."

"Katekista akakusomea?"

"Ilikuwa na jina la mume wangu juu. Maneno ya mume wangu ayasome katekista kwa sababu gani?"

"Kwa hiyo iko wapi?"

"Ipo," alisema mama. "Kula ndizi zako."

Nilikula ndizi na samaki bila kujua ninachotafuna. Alipokwenda mtoni, nilipekua kila kikapu cha nyumba ile. Nikapata rozari tatu, cheti changu cha ubatizo, na kitabu chake cha kusomea chenye alama za vema kila ukurasa. Barua sikuiona. Nikajipa moyo kwamba panya wanakula karatasi.

Bado mkono wangu uko kwenye kikapu cha nne, nikasikia hodi.

Alikuwa Mzee Lameki. Alikuwa amepungua, koti limembakia kubwa, lakini alishika kofia mkononi kwa adabu ile ile ya zamani. Mkono mwingine ulikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyokaribishwa mgeni wa heshima.

"Kasinge, tata," nilimwamkia kama baba, nikapiga goti. Kupiga goti kulikuja kwenyewe.

"Inuka, mwanangu. Tafuna kahawa. Nimesikia umekuja, nikamshukuru Mungu. Kesho asubuhi kamati ya kijiji inamaliza kesi zote za mipaka, kabla mkuu wa wilaya hajatutembelea. Wale wazee wanne wote wamekufa. Baba yako amekufa. Unajua nani amebaki aliyekuwepo siku ya kupanda?"

"Nani, tata?"

"Wewe. Wewe ndiye uliyeshika jembe."

Kahawa ikageuka mchanga mdomoni mwangu.

"Najua siku ile ulipoulizwa uliogopa wazee," aliendelea. "Kijana anasemaje mbele ya wazee wanne? Sasa umekuwa mtu mzima. Nilikunyima binti yangu kwa sababu ya dhehebu, Privatus. Sikukunyima kwa sababu ya uongo. Uongo sikuuona kwako."

"Tata, hiyo ardhi..."

"Ardhi nitaifanyia nini? Nina miaka sabini na mbili. Nataka nizikwe kama mtu mwenye akili zake. Basi." Akavaa kofia, akaivua tena, akaniaga.

Pale mlangoni alipishana na mama anayetoka mtoni. Wakaamkiana vizuri. Mama akatua ndoo, akanitazama, akatazama vikapu vyake vinne vilivyofunguliwa.

"Kesho utasema nini?" aliniuliza.

"Nitasema ukweli, mama."

"Vizuri," alisema mama. "Mwenyekiti ametangaza. Mpaka ukisogea, kaburi halichimbuliwi, lakini litakuwa kwa Lameki. Nikitaka kupalilia maua ya baba yako nitapiga hodi kwake kwanza. Nakwambia tu, ujue."

Akaenda kumenya ndizi za jioni, nami nikabaki na hodi ile kichwani. Mwanamke amezika mume wake nyumbani kwake, halafu amwombe jirani ruhusa ya kumtembelea! Na jirani mwenyewe anataka afe na akili zake. Na binti ameimbiwa barabarani miaka kumi na minne. Mpime mwenyewe, ndugu msomaji, uone kama mzani wako hautavunjika.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa mpakani. Watu walikuja na vigoda, wengine na chai kwenye chupa, maana kesi ya Hatua Sita ilikuwa tamu kuliko ngoma. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Philbert Mushumbusi. Philbert huyu alinakili hesabu zangu tangu darasa la pili hadi la sita, hata zile nilizokosa.

"Uhuru!" alipaza sauti.

"Na kazi!"

"Ndugu wananchi, leo tunafunga faili. Tunaye shahidi mmoja hai, tena msomi, tena mtu wa viwanda vya Mwanza. Ndugu Privatus, karibu mbele. Shika mlamula, useme."

Ndivyo desturi yetu ilivyo: shahidi wa mpaka anaushika mti wenyewe kwa mkono wake. Nikaushika. Majani juu yakaanza kutikisika, na upepo haukuwepo.

"Ndugu zangu," nilianza, "nikiwa Mwanza nilijifunza kwamba ujamaa ni kuishi pamoja. Ardhi ni ya taifa. Hatua ni nini? Hatua ni maendeleo..."

"Ndugu Privatus," Philbert alinikata, "hotuba ni kazi yangu. Ni hapa au si hapa?"

Nikamtazama Mzee Lameki. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, ananitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Nyuma yake alisimama Jovitha. Nikamtazama mama. Alikuwa kando ya kaburi, amevaa kitenge chake cha kanisani, na mkono mmoja umelala juu ya msalaba.

Ule mkono juu ya msalaba ndio ulionimaliza.

"Ni hapa," nikasema.

Neno lile lile, mahali pale pale, na nina miaka thelathini na minne.

Watu wakalipuka. "Mlamula hauna miguu!" waliitikia kama wimbo, na mtu mmoja akaanza kucheza. Philbert akaandika kwenye faili. Mzee Lameki hakubisha. Alisimama taratibu, akavua kofia.

"Wakola, mwanangu," aliniambia. Kwa lugha yetu ni ahsante. "Basi kumbe ni mimi. Kumbe kweli akili zangu zilipotea."

Akamshika Jovitha mkono ili waende nyumbani. Nilitamani ardhi inimeze, lakini hata ardhi yenyewe haikuwa yetu.

"Ndugu mwenyekiti," ilisema sauti ya mama.

"Kesi imekwisha, mama Privatus. Umeshinda, shangilia."

"Haijaisha. Kuna shahidi mwingine." Akaingiza mkono ndani ya kitabu chake cha kusomea, kile kile nilichokifungua jana kutazama alama za vema, akabandua gamba la karatasi ya kaki alilokifunikia. Ndani ya gamba palikuwa na bahasha. Nikaijua kwa stempu.

Nikazidi kuushikilia mlamula.

"Hii ni barua," alisema mama, "ya mwaka wa sitini na mbili, ya kuhusu mpaka huu. Nitaisoma mwenyewe."

"Utaisoma mwenyewe!" Philbert aling'ara uso. Nilimwona anamfikiria mkuu wa wilaya. "Ndugu wananchi, mnaona matunda? Bibi wa miaka sitini anasoma barua hadharani! Makofi kwa elimu ya watu wazima! Mzee Lameki, rudi ukae, hili ni jambo la kijiji."

Makofi yakapigwa. Bibi wenzake kumi na saba wakasogea mbele na vigoda vyao. Mzee Lameki akarudi akaketi. Mama akafungua karatasi, akaiweka mbali na macho, akaisogeza karibu, akaipata.

"Ba-ba m-pe-ndwa," alisoma. "Tu-msi-fu Ye-su Kri-sto."

"Milele amina," wakaitikia Wakatoliki wote, na Walutheri wachache kwa bahati mbaya.

"Mi-mi ha-pa si-ja-mbo, ho-fu ni kwa-ko na ma-ma na ule m-guu."

Watu walikuwa wanatabasamu. Nikahesabu. Nilikumbuka barua ile neno kwa neno, nilikuwa nimeiandika mara nne. Baada ya mguu zilifuata salamu za shangazi, kisha mbuzi, kisha sentensi yenyewe: kwamba ni mimi niliyeing'oa milamula.

Mama akasoma salamu za shangazi. Akasoma mbuzi, akaulizwa ni mbuzi yupi, akajibu, watu wakacheka. Kisha kidole chake kikashuka mstari wa chini, kikasimama.

Nikasikia mtu anafunika chupa ya chai.

"Hapa mwandiko ni mbaya," alisema mama.

Akaja mpaka niliposimama. Akautoa mkono wangu kwenye mlamula, kidole kimoja kimoja, akaniwekea karatasi. Kisha akanong'ona kwa Kihaya, kwa ajili yangu peke yangu:

"Nimeimaliza wiki tatu zilizopita. Tangu hapo sijalala. Nilisema nisubiri nione, mwanangu mwenyewe atasema nini akishika mti." Macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti haikutikisika. "Hodi nitapiga. Nitapiga kila siku. Soma."

Kisha akawageukia watu, akasema kwa sauti kubwa, "Malizia wewe, Privatus. Ni mwandiko wako."

Wazo likanijia, na hata leo naona aibu kuliandika. Nani kati yao ataiona karatasi? Baada ya mbuzi naweza kusoma salamu za mjomba. Naweza kusoma habari za mvua ya Mwanza. Mama hatanibishia mbele ya watu, mama ni mama. Nikalamba midomo. Nikaanza, "Baba..."

Nikasikia harufu ya chaki.

"Mtu akikwama anasaidiwa," alisema Jovitha. Alikuwa ameacha upande wa baba yake, amekuja kusimama begani kwangu kama anavyosimama kwa mwanafunzi yeyote mzito. "Jana 'kung'oa' ilimshinda. Haya, Ndugu Privatus. Polepole. Nitafuata pamoja nawe."

Nikafungua mdomo. Mzee Lameki aliinua kichwa. Na kidole cha Jovitha, chenye vumbi jeupe la chaki, kikatua juu ya karatasi, chini ya neno la kwanza la sentensi ile, kikaanza kwenda.